Kabla binti hajapanda ndege, mkataba uandikwe

Ijumaa ya leo tunazungumza na wazazi wa Pugu, na wa kila mtaa ambao mabinti zake wanajiandaa kwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani.

Mnadani Pugu hakuna mwenye akili anayemkabidhi dalali ng'ombe wake kwa ahadi tupu. Bei hutajwa, fedha huhesabiwa, na watu hushuhudia. Ajabu ni kwamba wapo wazazi wanaomkabidhi wakala binti yao kwa maneno ya simu tu.

Allah (SW), katika Suratul Baqarah aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, anawaamrisha waumini kuliandika deni lenye muda maalumu, mwandishi awe muadilifu na mashahidi wawepo. Mshahara wa mwisho wa mwezi ni nini kama si deni la namna hiyo?

Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kuwa walinyang'anywa pasi, wakakosa mapumziko, wakalipwa pungufu ya walivyoahidiwa. Tusijidanganye, basi, kwamba kuelekea kibla kimoja ni dhamana ya kutosha. Katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, kisha asimlipe ujira wake.

Mkataba wenyewe aghalabu huwa na Kiarabu. Binti aliyehitimu madrasa husoma juzuu kwa tajwidi safi, lakini kusoma si kufahamu. Upelekwe kwa ustadhi aijuaye lugha, autafsiri mbele ya wazazi: mshahara ni kiasi gani na kwa sarafu gani, mapumziko ni siku ipi, nauli ya kurudi ni ya nani, pasi itakaa kwa nani. Nakala ibaki kwa mama, pamoja na namba ya ubalozi wetu Muscat. Anayeambiwa aende kwa viza ya matembezi, eti kazi ataikuta huko, asiende. Suala la kusafiri bila maharimu lina mjadala mrefu wa wanazuoni; familia imwone sheikh wake kabla ya kuomba pasi.

Lipo jingine, nalo ni la kwetu wenyewe. Binti hutuma fedha miaka miwili, akirudi anakuta kiwanja kimenunuliwa kwa jina la kaka. Hiyo ni khiyana katika amana. Kabla ya safari, iandikwe nani atapokea fedha, kiasi gani ni matumizi ya nyumbani na kiasi gani ni akiba yake. Na kiwanja kikipatikana, hati ya mauziano iandikwe kwa jina la binti, mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa.