Namba Tatu, Damu Ileile

Swali linalowachosha wataalamu wa maabara wa Kasese na Bwera huja na karatasi mbili mkononi. Moja ya upande wa Uganda inasema kolesteroli 4.9. Nyingine, iliyovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kasindi upande wa Kongo, inasema 190, au pengine 1.9. "Dokta, ipi ya kweli?" Zote. Ya kwanza ni milimoli kwa lita, ya pili miligramu kwa desilita, ya tatu gramu kwa lita kwa desturi ya maabara za Kifaransa. Zidisha milimoli kwa 38.67, upate miligramu. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, haistahili foleni.

Kinachostahili hasira ni swali la pili. Mtu amepimwa akakutwa na 5.8, akanywa malimau na kitunguu saumu wiki mbili, akapima tena maabara nyingine, akapata 5.0. Sasa anauliza kama aache vidonge vyake vya kolesteroli, na jirani yake amekwisha kununua kitunguu saumu cha mwezi mzima.

Mnunuzi wa kahawa hapohapo Bwera hakubali mzigo upimwe kwa mzani mmoja wakati wa kupokea na mwingine wakati wa kulipa kabla mizani hiyo haijalinganishwa. Lakini mnunuzi huyohuyo atapima damu yake sehemu mbili tofauti, kisha tofauti yote aihesabu kuwa kazi ya limau.

Kolesteroli ya mtu mzima mwenye afya hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 6 kuzunguka wastani wake mwenyewe, bila yeye kubadilisha chochote. Mashine nzuri nayo huyumba kwa asilimia 3 hivi. Ukiyaunganisha hayo mawili, majibu mawili ya maabara moja yanatakiwa yaachane kwa karibu asilimia 19 ndipo mtu aseme kwa uhakika kwamba kitu kimebadilika. Kutoka 5.8 hadi 5.0 ni asilimia 14. Haijafika, na hapo hatujaongeza tofauti ya maabara na maabara. Trigliseridi, mafuta mengine ya damu, ni korofi zaidi: zinaweza kushuka kwa nusu bila dawa wala mlo mpya.

Tena wanaokimbilia malimau ni wale waliopimwa siku namba yao iko juu. Wengi wao wangekutwa chini kidogo mara ya pili hata kama wangekunywa maji matupu. Aliyepimwa siku namba iko chini hakutafuta limau, kwa hiyo ushuhuda wake hausikiki sokoni.

Kitunguu saumu kilishapewa nafasi ya haki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza mwaka 2007 matokeo ya watu wazima 192 waliokula kitunguu saumu kibichi, au vidonge vyake vya aina mbili, au vidonge bandia, kwa miezi 6. LDL, kolesteroli inayoziba mishipa, haikusogea kwa kiwango chenye maana. Limau nalo huishia tumboni, kwenye asidi kali kuliko lenyewe. Haliendi kwenye mishipa ya moyo kuyeyusha kitu.

Dripu za "kusafisha damu" zenye vitamini C nyingi ni balaa jingine. Vipimo vingi vya kolesteroli husoma rangi inayotokana na mmenyuko wa vimeng'enya, na vitamini C ikizidi katika sampuli huififisha rangi hiyo. Mashine inasoma namba ndogo, mgonjwa anashangilia, na mafuta yako palepale.

Kuzifanya maabara zisemezane ni kazi ya miongo mingi. Mwaka 1952 Abell na Kendall pamoja na wenzao walichapisha njia ya kupima kolesteroli ambayo baadaye ilifanywa kipimo cha rejea. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichoko Atlanta, hutuma seramu yenye thamani inayojulikana, kila maabara inayoshiriki inapima, na anayekosea anarekebishwa; kwa kolesteroli ya jumla, jumla ya kosa isizidi asilimia 8.9. Uganda yenyewe ina historia hapa: mwaka 1959 Shaper na Jones walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa kolesteroli na ugonjwa wa moyo kati ya Waafrika na Waasia wa nchi hii. Ulinganisho kama huo hauna uzito ikiwa kila kundi limepimwa kivyake.

Leo mnyororo huo wa kulinganisha vipimo hufika Kasese ndani ya kisanduku cha vitendanishi, kupitia kalibreta ya kiwanda, yaani sampuli ya kusawazishia mashine. Hukatika kirahisi: kalibreta ya kampuni moja ikitumiwa na kitendanishi cha nyingine, umeme ukikatika na friji ikapata joto, sampuli ya udhibiti ikirukwa asubuhi. Hata chupa ina neno. Plazma ya chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, husoma takriban asilimia 3 chini ya seramu.

Basi: pima maabara ileile, ukiwa umekaa, kwa sababu kulala kitandani nusu saa kunaweza kushusha namba kwa asilimia 10 hivi. Ukiwa na malaria, subiri wiki kadhaa baada ya kupona. Kufunga chakula si lazima kwa kipimo cha kawaida. Wataalamu wa Ulaya walikubaliana hivyo mwaka 2016, isipokuwa trigliseridi zikiwa juu sana. Uliza kipimio. Uliza kama LDL imepimwa au imekokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya 1972, kwani trigliseridi zikipita milimoli 4.5 kwa lita kanuni hiyo haifai. Uliza kama maabara inashiriki ukaguzi wa ubora wa nje. Tunza karatasi zote. Na statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, haziachwi kwa namba moja. Rudi kwa aliyekuandikia, na karatasi mbili za maabara ileile.