Kurudisha ndani ya gari kuukuu kama lilivyotoka kiwandani: penye faida na penye hasara

KASESE/BWERA – Wamiliki wa magari kuukuu wanaofanya kazi kati ya Kasese, Bwera na Kasindi wamekuwa wakitoa fedha nyingi kushona viti upya, kubadilisha mazulia na kubandika dari mpya za magari yao. Baadhi yao hurudishiwa fedha hizo siku ya kuuza gari. Wengine hugundua kuwa mnunuzi hakuongeza chochote, na wakati mwingine amepunguza bei kwa sababu ya kazi hiyo hiyo waliyoilipia.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kama gari limerudishwa katika sura yake ya kiwandani, na kama mwenye gari anaweza kulithibitisha hilo. Ustadi wa kushona pekee hautoshi.

Kwa nini suala hili lina uzito sasa

Mwaka 2018 Uganda ilibadilisha sheria ya usalama barabarani na kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache zilizosamehewa. Kenya kwa upande wake ina kikomo cha miaka minane. Magari ambayo tayari yalikuwa yamesajiliwa Uganda hayakuguswa na katazo hilo na yanaendelea kutembea.

Maana yake kiuchumi ni rahisi. Mtu anayependa Toyota Land Cruiser ya miaka ya tisini, Mercedes-Benz ya aina ya W123 iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya themanini, au Peugeot 504, hawezi tena kuagiza nyingine kutoka ng'ambo na kuisajili kwa urahisi. Inabidi atafute iliyoko nchini. Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, na magari yapatayo 27,000 ya aina hiyo yaliunganishwa Kenya. Kadiri magari hayo yanavyopungua, yale yaliyobaki katika hali yake ya asili yanapata wanunuzi wanaojua wanachokitafuta.

Hata hivyo, Kasese si mahali pepesi kwa vitambaa na plastiki. Mji huo uko chini katika Bonde la Ufa, karibu kabisa na mstari wa Ikweta unaokatiza barabara pale Kikorongo. Jua hupasua dashibodi na kulegeza gundi ya dari. Vumbi la barabara za udongo upande wa Kongo huingia ndani ya viti na kukata nyuzi kama msasa.

Kisha kuna maji. Mwezi Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilivunja kingo zake. Nyamwamba ilikuwa imefanya hivyo pia Mei 2013. Gari lililolowa ndani hubaki na unyevu chini ya zulia kwa muda mrefu, na kutu huanza mahali pasipoonekana.

Kianzio ni kibati, si duka la vitambaa

Kosa la kwanza linalogharimu fedha ni kuchagua rangi kwa macho. Magari mengi ya Toyota yana kibati cha chuma katika chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Katika mstari ulioandikwa C/TR kuna alama mbili. Ya kwanza ni rangi ya bodi, kwa mfano 040 ambayo ni nyeupe. Ya pili inaonyesha rangi na aina ya vitambaa vya ndani. Kwa Mercedes-Benz za zamani kuna namba ya tarakimu tatu: inayoanza na 0 ni kitambaa, inayoanza na 1 ni ngozi bandia, na inayoanza na 2 ni ngozi halisi.

Mwenye gari anashauriwa kupiga picha kibati hicho kabla ya jambo lolote. Kama namba inaanza na 1, kuweka ngozi halisi ni kuongeza gharama na kupunguza uasili kwa wakati mmoja.

Rangi ya kweli hupatikana pia ndani ya gari lenyewe. Kitambaa kilichojificha chini ya kiti cha nyuma, ndani ya mkunjo wa mshono au chini ya kiegemeo cha kichwa hakijapigwa na jua. Kipande hicho ndicho cha kupeleka dukani. Anayepeleka kipande kilichopauka atanunua rangi iliyopauka.

Utaratibu wa kazi

Betri hutolewa kwanza. Magari ya kuanzia miaka ya tisini yanaweza kuwa na mifuko ya hewa ya usalama, na fundi asiyeijua asiguse nyaya za manjano zilizo chini ya viti au kwenye usukani. Kama kiti kina mfuko wa hewa ubavuni, mshono wa upande huo hutengenezwa kwa uzi maalumu unaokatika mfuko unapolipuka. Ukishonwa kwa uzi wa kawaida wenye nguvu, mfuko unaweza kushindwa kufunguka siku ya ajali.

Kila kitu kinachotolewa hupigwa picha, na skrubu zake huwekwa katika mfuko wenye jina la sehemu ilikotoka. Kelele nyingi za plastiki baada ya matengenezo hutokana na skrubu na vibanio vilivyopotea.

Sakafu ndiyo sehemu ya kukagua kwa makini zaidi. Zulia likiisha kutolewa, mwenye gari aje aangalie mwenyewe. Kutu iliyozunguka mahali pa kufungia viti na mikanda ya usalama lazima ikatwe na kuchomelewa bati jipya kabla ya kazi nyingine. Kufunika kutu kwa zulia zuri ni kuuza hatari. Aidha, njia ya maji yenyewe itafutwe: mpira wa kioo cha mbele, mipira ya milango, au mfereji wa maji ulioziba chini ya kioo. Zulia jipya juu ya sakafu inayovuja litaoza ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Baada ya sakafu huja sponji. Sponji ya kiwandani huwa imemiminwa katika umbo la kiti. Sponji ya godoro ni laini mno. Hubonyea mapema na kumwacha dereva amekaa juu ya springi. Njia nafuu ni kubakiza sponji ya asili, kukata sehemu iliyokufa tu, mara nyingi ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango, na kubandika kipande kigumu cha umbo lile lile.

Kifuniko cha zamani kisitupwe. Fundi mzuri hukifumua mshono kwa mshono na kukitumia kama kielelezo cha kukatia kipya. Idadi ya mikunjo, upana wake na mahali uzi unapopita juu ni mambo ambayo mnunuzi mjuzi huyatazama kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu dari, magari ya zamani sana hutumia kitambaa kilichoning'inizwa kwenye vyuma vyembamba, na mapya zaidi hutumia ubao mwepesi uliobandikwa kitambaa chenye sponji nyembamba. Katika aina hii ya pili, sponji kuukuu inayogeuka unga ni lazima ikwanguliwe yote. Gundi inayotumika iwe ya kustahimili joto kali, kwani ya kawaida huachia gari likiegeshwa juani.

Dashibodi iliyopasuka ni kazi ngumu kuliko zote. Kujaza nyufa na kupaka rangi huonekana vizuri kwa muda, kisha jua hufungua nyufa zile zile. Mara nyingi ni heri kutafuta dashibodi nzima iliyotumika. Mafuta ya kung'arisha nayo hayafai, maana hurudisha mwanga wa jua kwenye kioo na kumsumbua dereva.

Vipuri na njia ya mpakani

Vipuri vya ndani vilivyotumika hutafutwa zaidi Kampala, hasa soko la Kisekka, umbali wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese. Kabla ya kulipa, linganisha alama ya kibati cha gari lililochinjwa na ya gari lako. Viti vya mwaka tofauti vinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwenye matundu ya boliti.

Kwa wateja wa Kongo kuna jambo jingine. Uganda huendesha upande wa kushoto na Kongo upande wa kulia, ingawa magari mengi yenye usukani wa kulia hutumika mashariki mwa Kongo. Dashibodi ya gari la usukani wa kulia haiingii katika gari la usukani wa kushoto. Fundi wa Bwera anayepokea kazi kutoka Butembo au Beni aulize swali hili kabla ya kutuma mtu Kampala.

Kuhusu ushuru, wafanyabiashara wadogo wa Mpondwe wamezoea utaratibu rahisi wa COMESA na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia rasmi mwaka 2022. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya hutumika kwa bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Lakini nafuu hiyo ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya nchi wanachama. Roli la ngozi bandia kutoka China au viti kutoka Japani havigeuki kuwa bidhaa ya Uganda kwa sababu vimenunuliwa Kasese. Mzigo huo hulipiwa ushuru wa kawaida upande wa Kasindi.

Gari la Kongo linalovuka kuja kushonwa viti Bwera liingie kwa kibali cha muda na litoke ndani ya siku zilizoandikwa. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA nayo iwe hai. Kazi ikichelewa, kibali kiongezwe kabla hakijaisha, kwani adhabu inaweza kumeza faida yote ya kazi.

Hesabu kabla ya sindano

Tuchukue mfano wa kukadiria, ambao si bei ya soko. Gari lilivyo linaweza kuuzwa shilingi milioni 14. Kitambaa na sponji ni 900,000, ufundi 400,000, zulia na dari 350,000. Jumla ni 1,650,000. Gari linasimama siku tisa, na kwa kawaida huingiza faida ya 50,000 kwa siku, hivyo ongeza 450,000. Gharama ya kweli ni 2,100,000. Mnunuzi akiongeza 1,500,000 tu, mwenye gari amepoteza 600,000 na bado atasifiwa kwa viti vizuri.

Katika gari hilo hilo, kusafisha kwa kina, kutengeneza kiti cha dereva na kubandika dari kwa 450,000, na siku mbili za kusimama, ni 550,000. Bei ikipanda kwa 900,000, faida ni 350,000. Kurudisha kila kitu kunalipa pale gari lenyewe ni adimu, bodi na injini ni nzima, na mnunuzi wa aina hiyo yupo.

Kwa matatu hesabu ni tofauti kabisa. HiAce nyingi zilitoka Japani zikiwa gari za mizigo, na viti vya abiria viliongezwa huku. Sura yake ya kiwandani haina viti hivyo. Hapo lengo liwe viti vilivyofungwa imara kwenye sakafu, mikanda inayofanya kazi, na nafasi 14 za abiria zinazoruhusiwa na leseni. Reksini inayofutika inafaa zaidi kuliko kitambaa.

Ushahidi ndio bei

Hali ya ndani ya gari ni shahidi wa historia yake. Kiti cha dereva kilicholika, kanyagio lililochakaa na usukani uliong'aa husema ni kilomita ngapi gari limetembea, hata kama namba ya dashibodi inasema vingine. Ndiyo maana mnunuzi makini akiona ndani papya ndani ya gari kuukuu huanza kujiuliza maswali: lilizama mafurikoni? Kilomita zimerudishwa nyuma?

Muuzaji asiye na majibu hulipa shaka hiyo kwa kupunguza bei. Mwenye picha za kibati, picha za sakafu kabla na baada ya kuchomelewa, stakabadhi za vitambaa na mfuko wa vipande vya kifuniko cha zamani ana majibu yote mkononi. Kuhifadhi vitu hivyo hakugharimu kitu. Mnunuzi naye ana haki ya kuinua kona ya zulia na kuangalia bati lililo chini yake kabla ya kutoa fedha, na muuzaji anayekataa jambo hilo amekwisha kumjibu.