Kwa nini kujenga dunia ya kubuni huwakatisha tamaa wengi?

Mtu anatumia miezi sita kuchora ramani, kuandika nasaba za wafalme na kutunga sheria za uchawi. Siku ya mchezo inafika, marafiki wanne wanaketi mezani, na swali lao la kwanza ni hili: yule muuza mbuzi pale langoni anaitwa nani? Muuza mbuzi hana jina. Wafalme kumi na wawili wana majina, lakini hakuna aliyewaulizia.

Hali hii inafahamika kwa wengi waliowahi kuongoza mchezo wa kuigiza wahusika. Katika makala haya tunaeleza michezo hiyo ni nini, kwa nini kuijengea dunia kunachosha, na waanzilishi wake walianzia wapi.

Mchezo wenyewe ni upi?

Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akichukua nafasi ya mhusika: mpiganaji, mchawi, mwizi na kadhalika. Mmoja wao huwa mwongozaji. Yeye ndiye anayeeleza mahali palivyo, na ndiye anayeigiza watu wengine wote, kuanzia mfalme hadi muuza mbuzi. Jambo lenye shaka, kwa mfano kama mwizi ataweza kupanda ukuta bila kuonekana, huamuliwa kwa kurusha dadu. Mchezo mashuhuri zaidi wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974.

Mwandishi wa riwaya huamua shujaa wake apite njia ipi. Mwongozaji hana uwezo huo, kwa sababu mashujaa wake ni watu walioketi mbele yake na wana akili zao. Hapo ndipo kero zinapoanzia.

Kazi isiyoonekana

Kwa kuogopa kuulizwa asilolijua, mwongozaji huandika kila kitu. Kisha wachezaji wanakwenda kushoto badala ya kulia, na kurasa 40 alizoandika kuhusu milima ya upande wa kulia zinabaki kwenye daftari.

Baadhi ya waongozaji hujaribu kuokoa kazi yao kwa kuwalazimisha wachezaji: ghafla daraja limevunjika, ghafla njia ya kushoto imefungwa na theluji. Wachezaji hugundua mapema kwamba uamuzi wao hauna uzito. Wiki hii mmoja ana udhuru, wiki ijayo mwingine, na mwishowe mwongozaji anabaki na ramani nzuri na viti vitupu. Tunalitaja hili kwa sababu hasara yake si ya karatasi tu. Mara nyingi meza hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwakutanisha marafiki hao kila wiki.

Mambo yasiyopatana

Hata mabingwa hujikwaa hapa. J.R.R. Tolkien alipochapisha The Hobbit mwaka 1937, kiumbe Gollum alikuwa tayari kuitoa pete yake iwe zawadi ya shindano la vitendawili. Baadaye, akiandika The Lord of the Rings, Tolkien alihitaji pete hiyo iwe kitu ambacho mwenye nacho hawezi kukiachia kwa hiari. Hadithi mbili zikagongana. Ilibidi aandike upya sura hiyo, na toleo lililorekebishwa likatoka mwaka 1951.

Tolkien aliweza kubadilisha kitabu. Mwongozaji hawezi kubadilisha kumbukumbu za wachezaji. Akisema leo kwamba bandari iko mwendo wa siku mbili, na baada ya mwezi akasema ni siku tano, yupo atakayekumbuka.

Ramani isiyo na sababu

Mito, kwa kawaida, huungana ikielekea baharini. Nile Nyeupe na Nile ya Bluu hukutana Khartoum na kuwa mto mmoja. Katika ramani nyingi za kubuni, mto mmoja hugawanyika mara tatu na kuishia katika bahari mbili tofauti.

Miji nayo huwa na sababu ya kuwepo. Kilwa Kisiwani ilitajirika kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, na vyombo vya biashara vilikwenda na kurudi kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi. Mwongozaji anayeuweka mji wa watu laki moja katikati ya jangwa ajiandae kuulizwa maji yanatoka wapi na watu wanakula nini. Asipokuwa na jibu, wachezaji huanza kuuona mji huo kama picha iliyobandikwa ukutani.

Maadui wa kuzaliwa

Kwa miongo mingi, vitabu vya mchezo huu vilizieleza jamii nzima za kubuni, kama orc na drow, kuwa za watu waovu tangu kuzaliwa. Ukosoaji ulipozidi, kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki Dungeons & Dragons, ilitangaza mwaka 2020 kwamba itabadilisha namna inavyozieleza jamii hizo. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024, neno la zamani lenye maana ya mbari liliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na spishi.

Kwa mwongozaji, adui asiye na maelezo hurahisisha kazi, lakini kwa muda tu. Siku wachezaji watakapomkuta mtoto wa orc amejificha chini ya kitanda, watauliza: na huyu naye tumuue? Dunia isiyokuwa na jibu la swali hilo ina tengo kubwa kuliko mto uliochorwa vibaya.

Waanzilishi walianzia wapi?

Gygax alipoanza dunia yake ya Greyhawk mwaka 1972, hakuanza na dunia. Alianza na ngome moja na mahandaki chini yake, na wachezaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake wawili. Wachezaji walipotaka kwenda mbali zaidi, alitumia ramani ya Amerika Kaskazini, akauweka mji wa Greyhawk karibu na mahali ilipo Chicago. Dunia hiyo ilichapishwa kama kitabu chenye ramani zake mwaka 1980. Blackmoor ya Arneson nayo ilikuwa na ngome yenye mahandaki chini yake.

Njia nyingine ipo. Ed Greenwood wa Kanada alianza kuibuni Forgotten Realms akiwa mtoto katika miaka ya 1960, kabla mchezo haujakuwepo, na ilichapishwa kama dunia ya mchezo mwaka 1987. Anayejenga kwa kupenda kujenga hana cha kujutia, mradi asiwadai wachezaji waione kazi yote.

Kwa anayejenga kwa ajili ya meza, kijiji kimoja kinatosha kuanzia. Kiwe na barabara moja, na watu watatu ambao kila mmoja anataka kitu fulani. Kando yake iwepo orodha ya majina ishirini ambayo bado hayajapewa mtu. Kila kinachotamkwa mezani kiandikwe siku hiyohiyo. Mchezaji akiuliza kuna nini ng'ambo ya mlima, mwongozaji anaweza kumrudishia swali: mhusika wako amesikia nini kuhusu huko? Jibu lake linakuwa sehemu ya dunia, na aliyelitoa atataka kwenda kuona.

Muuza mbuzi naye apewe jina la kwanza kwenye orodha. Huenda wiki ijayo wachezaji wakaanzia kwake.