Saa moja angani, metre tano shambani



Mwezi uliopita nilipima mpaka wa mashamba mawili kwa telefone. Nilipita mara mbili. Mara ya kwanza mpaka uliangukia huku kwa migomba, mara ya pili kule, tofauti ya metre tano hivi. Mama mwenye shamba akaniuliza: «Mwanangu, ile mashini yako inajuaje fasi tuko?» Nikajibu: «Ni satelite, mama.» Hakutosheka. Kusema kweli, hata mimi.

Jibu linaanzia tarehe 31/5/1967. Siku ile Marekani ilirusha Timation 1, satelite ya maabara ya utafiti ya jeshi la majini. Mwenye wazo alikuwa Roger Easton. Satelite hiyo ilibeba saa ya kwartzi: walitaka kujua kama saa sahihi inaweza kufanya kazi vizuri kule angani.

Juu ya nini saa? Satelite inatuma mawimbi yenye kusema: «Nimetoka saa fulani.» Mawimbi yanakimbia karibu kilometre 300.000 kwa segonde. Ukijua muda yaliochukua njiani, unajua umbali. Lakini saa ikikosea segonde moja gawanya na milioni, umbali unakosea metre 300. Shamba lote limekwenda!

Kwartzi nayo inasumbuliwa na joto na baridi. Ndiyo maana mwaka 1974 maabara ile ile ilirusha NTS-1 yenye saa za atomiki za rubidiumu, na mwaka 1977 NTS-2 yenye saa za sesiumu. Hapo njia ya GPS ikafunguka. Leo telefone inasikiliza satelite nne au zaidi: tatu za kutafuta fasi, ya nne ya kurekebisha saa ya telefone yenyewe, maana hiyo ni ya bei rahisi.

Sasa, metre tano zangu zilitoka wapi? Mawimbi yanacheleweshwa na hewa ya juu, mengine yanagonga mabati na miti kabla ya kufika. Kuchelewa kidogo sana, lakini kati ya majirani metre tano ni vita.

Basi nilirudi kwa yule mama na jirani yake. Niliwaambia wazi: kwa kukadiria mbegu na mbolea, telefone inatosha. Kwa mpaka, tuite wazee na tulete kamba. Tusimtishe mukulima kwa mashini tusiyoweza kumueleza.