Soseji ya Senti 5 na Madaktari Wasiojua Dawa

Kicheko cha wakati wake hakina ubaya, na kikija na funzo ni faida juu ya faida. Leo twawaletea habari ya kibanda kimoja cha chakula kilichoko Coney Island, ufukoni mwa jiji la New York huko Marekani. Kibanda hicho kiliendeshwa na jamaa moja kwa zaidi ya miaka 70, na habari yake imechanganyika kweli na uzushi hata imekuwa kazi kuvitenga.

Mwenye kibanda aliitwa Nathan Handwerker. Jina hilo la ukoo, kwa Kijerumani, maana yake ni fundi wa kazi za mikono. Baba yake alikuwa fundi viatu maskini huko Galicia, sehemu ya Ulaya ya Mashariki, na Nathan alizaliwa mwaka 1892. Mwaka 1912 kijana huyo alivuka bahari akaenda Marekani kutafuta riziki.

Wakati huo mwenye sifa pale Coney Island alikuwa marehemu Charles Feltman, Mjerumani aliyeanza kwa kusukuma mkokoteni wa vyakula na aliyeacha mkahawa mkubwa sana. Humo soseji iliyotiwa ndani ya mkate iliuzwa kwa senti 10. Wamarekani huiita hotidogi, yaani mbwa wa moto, lakini msomaji asitishike. Ni jina tu, hakuna mbwa aliyechinjwa. Nathan aliajiriwa katika mkahawa huo, kazi yake ikawa kuipasua mikate. Yasimuliwa kwamba alikula soseji za bure za kazini na kulala jikoni sakafuni ili asitumie hata senti moja, mpaka akajiwekea akiba ya dola 300.

Basi mwaka 1916 alifungua kibanda chake mwenyewe, si mbali na bwana wake wa zamani, akauza soseji ya nyama ya ng'ombe kwa senti 5, nusu ya bei ya Feltman. Pamoja naye alikuwa Ida, aliyemwoa mwaka 1918, na husemwa kuwa viungo vya soseji ile vilitoka kwa bibi yake Ida. Njia maarufu ya mbao inayopita ufukoni ilikuwa haijajengwa bado. Ilifunguliwa mwaka 1923. Kwa hiyo kibanda ndicho kilichoitangulia njia!

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Mtu hudhani kuwa bei ikishuka, wateja watamiminika. Sivyo ilivyokuwa. Watu walitazamana wakanong'onezana: "Kitu cha senti 5 kina nini ndani yake?" Na yasimuliwa kuwa washindani hawakuzembea kuuchochea moto huo, wakaeneza uvumi kwamba ile ni nyama ya farasi. Maskini Nathan! Alipunguza bei ili awasaidie wanyonge, na wanyonge wenyewe wakamwogopa.

Akafanya hila. Kama isimuliwavyo, aliwapata vijana, akawavisha makoti meupe kama ya madaktari, akawaweka mbele ya kibanda wale soseji bure hadharani. Wapita njia wakasema: "Ikiwa madaktari wanaila, sisi ni nani hata tuikatae?" Vijana wale, yamkini, hawakujua tofauti ya homa na mafua, lakini koti lilisema kwa niaba yao, na wateja wakajaa.

Twacheka, lakini tujiulize: je, hila ile ndiyo iliyomtajirisha? La. Hila huweza kumleta mteja mara moja. Haiwezi kumrudisha mara ya pili. Mwaka 1920 kituo kikubwa cha treni za mji kilikamilika Coney Island, na nauli ilikuwa senti 5. Mfanyakazi aliyetoka na watoto wake katika chumba chenye joto aliweza kufika baharini kwa senti 5 na kushika chakula cha moto mkononi kwa senti 5 nyingine. Bei ile ilidumu miaka mingi, na watu wakaijua kwa ndimi zao wenyewe bila ya daktari.

Jamaa nao walikuwa na mivutano yao, kama ilivyo katika kila nyumba. Murray, mwana wa Nathan, aliporudi kutoka Vita Kuu vya Pili alitaka kuongeza vyakula vya baharini. Mzee alikuwa mzito kukubali, kwani aliyejengewa nyumba na soseji hamwoni kamba kuwa ndugu. Mwishowe mwana alishinda. Nathan alifariki mwaka 1974, na mwaka 1987 jamaa ile iliuza biashara.

Tena kuna uzushi wa pili. Kila tarehe 4 Julai hufanywa pale shindano la kula soseji, na kwa miaka mingi watu waliambiwa kuwa lilianza mwaka 1916, wahamiaji waliposhindana nani aipendaye zaidi Marekani. Mwaka 2010 mtangazaji wa biashara Mortimer Matz alikiri gazetini kwamba yeye na mwenzake waliitunga hadithi hiyo. Ama shindano lenyewe limezidi mipaka: mwaka 2021 mshindi alimeza soseji 76 pamoja na mikate yake kwa dakika 10. Kibanda kilichoanzishwa ili asiye na kitu apate kushiba kimekuwa mahali pa kushangilia israfu. Je, yule kijana aliyelala sakafuni jikoni angalisema nini?

Mwezi Oktoba 2012 tufani ya Sandy iliingiza bahari ndani ya kibanda, nacho kikafunguliwa tena mwaka 2013, mahali pale pale.

Enyi vijana mnaotaka kuingia katika biashara, shikeni hili: makoti meupe yalivuliwa zamani, na hadithi ya 1916 imeumbuka. Kilichobaki ni bei iliyomhurumia mnyonge na chakula kisichomdanganya mlaji. Lau Nathan angalisubiri kidogo, pengine ukweli wake ungalimtosha.