Filtre ya sport, snorkeli na vumbi ya Kolwezi

Siku hizi, ukipita mbele ya magaraji ya Kenya ao ya Katuba, hapa Lubumbashi, hauna lazima ya kuingia ndani ili ujue kazi yenye wanafanya. Unasikia tu. Ka-IST kadogo kanalia vuuu sawa vile kako mu mashindano. Kijana ameondoa boksi nyeusi ya filtre ya hewa yenye ilitoka na motokari ku Japani, na pahali pake ameweka tiyo ya alimini na filtre nyekundu, pana nyuma na nyembamba mbele. Wanaiita filtre ya sport. Wanakwambia: "Vieux, moteri inapumua sasa!"

Ni kweli kwamba moteri inapumua, na inapumua sana kuliko vile watu wanafikiri. Moteri ya esansi ya lita 1,5, ikizunguka mara 3 000 kwa dakika na gazi imekanyagwa mpaka chini, inameza hewa karibu lita 2 000 kila dakika. Land Cruiser ya mazuti, ile ya moteri 1HZ ya lita 4,2 yenye tunaona mu kila kampuni ya mugodi, inameza karibu lita 4 000 ikizunguka mara 2 000. Mutu mwenye kubeba mufuko wa simenti anavuta lita 30 ao 40 hivi.

Tena sisi tunaishi juu. Lubumbashi iko ku metre 1 200 hivi juu ya bahari, na Kolwezi inapita metre 1 400. Pale juu hewa ni nyepesi. Mu Lubumbashi, moteri isiyo na turbo inapoteza zaidi ya 10 pa mia ya nguvu yenye ingekuwa nayo ku Matadi. Ndiyo maana vijana wanatafuta hewa, na siwalaumu. Lakini filtre haiongeze uzito wa hewa. Ni turbo ndiyo inasukuma hewa kwa nguvu. Filtre inaachilia tu ipite, na boksi ya Toyota, ikiwa na filtre safi, haikuwa inaifunga sana. Sauti ndiyo inaongezeka kabisa, juu ile boksi ilikuwa pia inanyamazisha moteri.

Kuko na jambo lingine lenye wauzaji hawasemi. Boksi ya zamani inavuta hewa ya inje, mbele, karibu na fari ao mu pembe ya kapo. Filtre ya sport ikibaki wazi ndani ya kapo, inavuta hewa yenye imepashwa moto na radiatere na moteri yenyewe. Hewa ya moto ni nyepesi: kila digrii tatu zenye kuongezeka, unapoteza karibu 1 pa mia. Kwa hiyo unaweza kulipa dola zako, usikie sauti ya simba, kisha mupando wa Likasi ukushinde kuliko mbele.

Na vumbi je? Hapo ndipo maneno yako. Hizi filtre nyekundu zilitoka ku Marekani. Kampuni yenye kujulikana zaidi, K&N, ilianzishwa mu California mu 1969 na Ken Johnson na Norm McDonald; ndiyo maana ya hizo herufi. Ndani ni pamba yenye kulowanishwa na mafuta ya pekee, na vumbi inanata mu mafuta. Filtre ya kweli, yenye kusafishwa vizuri, inafanya kazi. Lakini ile yenye inauzwa huku mara nyingi ni kopi: kaushuka inapasuka, pamba unaona mwangaza ndani yake. Kisha fundi anaiosha na esansi na kuipaka mafuta ya moteri. Esansi inaharibu kaushuka. Mafuta ya moteri ni mazito, yanadondoka, yanafika ku kapteri yenye kupima hewa, na kompyuta ya motokari inaanza kuhesabu vibaya. Filtre ya namna ile inaoshwa na maji na sabuni yake, inakauka mu kivuli, kisha inapakwa kidogo mafuta yake yenye kutengenezwa kwa ajili yake. Kama hauna hayo mafuta, baki na filtre ya karatasi. Ile ya karatasi nayo, usiipige ku pineo, usiipulize na kompresere kwa nguvu zote. Puliza polepole kutoka ndani kuelekea inje, ao nunua ingine. Na usiifungue kila siku: vumbi kidogo juu ya karatasi inasaidia kukamata ingine, na kila mara unafungua boksi unaangusha uchafu upande wenye ulikuwa safi.

Sisi watu wa sendika tunaingia namna gani mu mambo ya filtre? Kupitia bashoferi. Mwaka mumoja, wakati wa kiangazi, kampuni moja ya sutretansi mu Kolwezi (sitaitaja) iliweka snorkeli ku Land Cruiser zake sita. Snorkeli ni ile tiyo nyeusi yenye inapanda kandokando ya kioo mpaka juu ya paa. Watu wanafikiri ni ya maji tu. Inasaidia ukivuka mutoni, ndiyo, lakini kwetu faida yake kubwa ni vumbi: kule juu hewa ni safi kuliko chini karibu na pineo, zaidi sana ukifuata kamyo yenye kubeba mawe. Wazo lilikuwa muzuri. Kazi ya kuiweka, walimupa mutu wa bei ya chini.

Kisha miezi mine, moteri moja ikaanza kula mafuta na kutoa moshi wa buluu. Nguvu hakuna. Chefu wa garaji akaandika: shoferi ameharibu moteri, aliiendesha vibaya. Shoferi alikuwa papa wa miaka 50 na kitu, na watoto sita. Walianza kukata mushahara wake ili kulipa moteri. Akakuja kwetu na karatasi mukononi. Aliniambia: "Delege, miye nimeendesha miaka 22. Moteri nayo haiseme uongo. Muifungue."

Tukaomba ifunguliwe mbele ya delegasyo na mbele ya makanike mwenye hakuwa wa kampuni. Hawakutaka. Mu mukutano wa tatu wakakubali. Makanike hakugusa hata silindri kwanza. Alifungua kolie ya tiyo yenye inatoka ku filtre kwenda ku moteri, akaingiza kidole, akakitoa chekundu. Upande ule, kisha filtre, panapaswa kuwa safi sawa sahani. Ile filtre ilikuwa ndogo kuliko boksi yake, haikukaza kando kando. Na pale snorkeli inaungana na boksi, kolie ilikuwa moja tu, ingine haikuwekwa kabisa, silikone hakuna. Snorkeli ilikuwa inatazama mbingu, na moteri ilikuwa inavuta hewa chini, nyuma ya pineo.

Vumbi yetu ina quartz mingi. Quartz inakwaruza chuma. Kachembe kenyewe hauwezi kukaona na macho, lakini kanaingia kati ya segma na silindri na kufanya kazi ya musasa. Shoferi hawezi kufanya vile hata akitaka. Kampuni ilirudisha feza yenye ilikuwa imekwisha kukatwa, mu sehemu mbili, bila kuomba radhi. (Na tukiwa pale pale, mumoja wetu aliuliza masque za wale wanafagia njia ziko wapi, juu quartz ile ile ndiyo inaleta silikozi mu mapafu. Jibu lilichukua muda kuliko la moteri.)

Sasa, mwenye anataka kuweka snorkeli ao kubadilisha tiyo ya hewa, afanye hivi. Moteri iwe baridi, toa kamba ya hasi ku batri. Fungua boksi ya zamani bila kuvunja, na uichunge pamoja na vis zake. Kapteri ya hewa usiiguse na kidole ku kale kauzi kake. Ziba mudomo wa tiyo ya moteri na kitambaa safi mbele ya kuanza kutoboa, juu kipande kimoja cha chuma kikianguka mule, kazi imekwisha. Kwa snorkeli, kampuni zenye heshima zinatia karatasi ya kupimia mu karto: ibandike ku elu, pima mara tatu, toboa kwanza shimo dogo. Kando za shimo zilainishwe na zipakwe rangi, bila hivyo kutu itakula elu mu masika. Kila muungano uwe na silikone na kolie yake.

Na mu Land Cruiser, tafazali musitupe boksi ya duara ya Toyota ili muweke ile nyekundu. Ndani yake kuko mabawa yenye kuzungusha hewa ili vumbi nzito iruke pembeni mbele ya kufika ku filtre, na chini kuko kaushuka kadogo. Ukikakamua na vidole, vumbi inamwangika. Mashoferi wengi hawajue kako hapo.

Kuko majaribio mawili. La kwanza: pakaa grese kidogo sana ndani ya tiyo, kisha filtre, upande wa moteri. Tembea siku tatu mu vumbi, fungua, angalia. Grese ikibaki safi, filtre inakaza. Ikiwa nyekundu, kuko shimo. Usitembee tena mpaka ulipate. La pili ni la snorkeli: moteri ikizunguka polepole, funika mudomo wa juu na kifuniko kigumu, si na mukono. Moteri inapaswa kufa. Kama inaendelea kuzunguka, inapata hewa pahali pengine.

Zile Land Cruiser tano zenye zilibaki, tulizijaribu vile. Tatu hazikufa. Tangu hapo, mu kaye ya motokari kuko mustari mumoja wa kuandika kila mwezi: jaribio la kifuniko, tarehe, sinyatire ya shoferi na ya garaji. Kifuniko chenyewe ni cha ndoo ya rangi ya lita 20, na bashoferi wanakichunga nyuma ya kiti.