Somo la kisukari shuleni, na sehemu yako nyumbani

Kisukari si ugonjwa wa watu wazima peke yao. Watoto nao huupata, ndiyo maana ni vizuri wafundishwe shuleni kuhusu lishe, michezo na afya. Lakini somo hilo hubaki kwenye daftari kama nyumbani halifuatwi. Mama, bibi au mlezi ndiye anayelikamilisha.

Kuna aina mbili kuu

Kisukari aina ya pili huja polepole. Mwili una insulini, ila haifanyi kazi ipasavyo. Uzito uliozidi, vinywaji vyenye sukari nyingi na kukaa bila kucheza huongeza hatari, hasa kama katika ukoo yupo mwenye kisukari. Aina hii mara nyingi inaweza kuzuilika.

Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia kongosho, na insulini hupungua hadi kuisha. Haitokani na pipi wala malezi mabaya, na hakuna chakula cha kuizuia. Mtoto mwenye aina hii huhitaji insulini kila siku. Asichekwe wala kulaumiwa.

Unachoweza kufanya

- Punguza soda. Chupa ya mililita 300 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari, zaidi ya vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ni bora zaidi hata mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku.
- Badala ya hela ya soda, mfungashie maji ya kunywa na ndizi, karanga au muhogo wa kuchemsha.
- Punguza sukari ya chai kidogo kidogo. Ulimi huzoea.
- Mwache acheze. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku: mpira, rede, kuruka kamba, au kutembea kwenda shule.

Dalili za kuangalia

Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda ingawa anakula, na uchovu. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena.

Dalili hizi zinaweza kudhaniwa kuwa malaria au UTI. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na uombe apimwe sukari. Tone moja la damu ya kidoleni linatosha, na majibu hutoka papo hapo. Akitapika, akihema kwa kasi, akilegea, au pumzi yake ikinukia kama matunda, mkimbize hospitali. Usisubiri kupambazuke.

Zungumza pia na mwalimu wa darasa. Mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara huenda si mtoro wa kipindi, huenda anaumwa.